Kompyuta inayolinda friji ya insulini inapokaa kimya

Umeme ukikatika Ngamiani mchana wa kaskazi, watu wengi hufikiria feni na samaki waliomo kwenye friji. Mzazi mwenye mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza hufikiria kichupa cha insulini kilichopo rafu ya katikati, nyuma ya jagi la maji. Friji iliyofungwa vizuri huweza kutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Friji ambayo watoto wanaifungua kila mara kutafuta maji haifiki huko, hasa Februari na Machi, joto la mchana la Tanga linapopita nyuzi 30.

Kukatika kwa umeme kumezoeleka. Kinachotesa zaidi ni kutojua. Mama yuko dukani, baba yuko bandarini, na bibi aliyebaki nyumbani ameona taa zimerudi, hakuona sababu ya kumsumbua mtu kwa simu. Jioni friji ina baridi kama kawaida, na hakuna anayeweza kusema mchana ilifika nyuzi ngapi.

Njia ya kujua ipo na haihitaji mamilioni: kipimajoto kidogo kisichotumia waya kinachokaa ndani ya friji, kompyuta ya zamani yenye mfumo wa Linux, na programu ya bure ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Mojawapo ya zinazojulikana sana ni Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Kipimajoto hutuma namba, programu huisoma, na joto likipita kiwango kilichowekwa, simu ya mzazi inalia.

Ikisimuliwa, ni kazi ya jioni moja. Ikifanywa, wengi hukwama, na mara nyingi hukwama mahali palepale. Mzazi hahitaji kuandika amri yoyote kwenye kompyuta. Mara nyingi kuna kijana wa chuo au fundi wa mtaani wa kumfanyia. Lakini yeye ndiye atakayeamua kama mashine hiyo ni ya kuaminiwa na dawa ya mtoto, kwa hiyo ni vyema ajue inavyoharibika.

Mashine yenyewe

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zilizo nzima zimekuwa za kuwekwa stoo. Linux inazifufua. Toleo lake linalojulikana sana, Ubuntu, lilitoka mwaka 2004 likiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ni ndugu wa neno la Kiswahili “utu”.

Si kila mkongwe anafaa, hata hivyo. Home Assistant imeacha kuhudumia mashine za biti 32. Mwisho wake ulikuwa toleo la Desemba 2025. Kijana akiandika amri `uname -m` na kompyuta ikajibu `x86_64`, aendelee. Ikijibu `i686`, aandike `lscpu` aone kama kichakataji chenyewe kinamudu biti 64. Kikimudu, kosa ni Linux ya biti 32 iliyowekwa humo, na dawa ni kuiondoa na kuweka ya biti 64. Kisipomudu, hakuna ufundi utakaosaidia, na kijana anayeahidi kuwa ataitafutia njia anapoteza Jumamosi yake.

Kuna pia hesabu ya LUKU. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza takriban uniti 43 kwa mwezi. Familia iliyo kwenye kundi la TANESCO la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inaweza kujikuta imetoka kwenye kundi hilo kwa ajili ya kulinda friji tu. Kompyuta mpakato inayokula wati 15 humaliza uniti 11 hivi, tena ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika haizimiki papo hapo. Kwa kazi hii, laptopu chakavu ni bora kuliko kompyuta ya mezani nzuri. Jambo moja tu: laptopu nyingi zikifunikwa hulala. Kijana abadilishe mpangilio huo, la sivyo siku mtu atakapopita na kitambaa cha vumbi na kuifunika kwa nia njema, ulinzi umekwisha.

Saa iliyorudi nyuma

Ndani ya kompyuta ya mezani, na ndani ya laptopu nyingi, kuna betri bapa ya mviringo mfano wa sarafu, mara nyingi aina ya CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa itembee mashine ikiwa imezimwa. Kompyuta iliyokaa stoo miaka kadhaa huenda betri hiyo ikawa imekwisha. Ikichomekwa, huamka ikiamini ni mwaka wa nyuma kabisa.

Hilo huzuia programu kuingia kwa namna ambayo si rahisi kuikisia. Kompyuta inapopakua kitu kutoka intaneti hukagua cheti cha usalama cha upande wa pili, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayodhani bado ni mwaka 2015 ikipewa cheti kilichoanza mwezi uliopita hukikataa, kwa kuwa kwake bado hakijaanza kutumika. Ujumbe unaotokea huwa na maneno kama “not yet valid” au “not valid yet”. Kijana anaona neno “certificate”, anadhani ni mtandao, ananunua bando jingine, anajaribu tena usiku wa manane, anaazima simu ya dada yake. Kumbe ni saa.

Amri ya herufi nne, `date`, inatosha kuligundua. Amri ya `sudo timedatectl set-ntp true` huiambia kompyuta ichukue saa sahihi kutoka intaneti. Ila hiyo ni nafuu tu. Betri mpya ndiyo tiba, kwa sababu umeme wa Tanga utakatika tena, na ruta ikichelewa kuwaka kompyuta itaamka haijui siku.

Tarehe ikishakaa sawa, zinabaki saa, na hapa kuna hatari halisi kwa familia inayotumia programu hii kukumbusha muda wa sindano. Kompyuta isiyoambiwa ipo wapi huweza kubaki kwenye saa ya kimataifa ya UTC, na Tanzania ipo saa 3 mbele yake. Kumbusho lililoandikwa 07:00 halitalia saa 1 asubuhi. Litalia saa 4, mtoto akiwa darasani. Amri ya kurekebisha ni `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha ukanda wa saa ukaguliwe pia ndani ya mipangilio ya Home Assistant yenyewe.

Kosa la pili linatokana na Kiswahili. Bibi akisema “sindano ya saa 12 jioni”, kijana mwenye haraka anaweza kuandika 12:00. Kwa kompyuta hiyo ni saa 6 mchana. Saa 12 jioni ni 18:00. Ikiwa mtoto ana sindano ya mchana na ya jioni, kosa dogo hilo linaweza kumletea dozi isiyo ya wakati wake, na insulini iliyozidi hushusha sukari hadi mtoto akaanguka. Ratiba iandikwe kwenye karatasi kwa namna zote mbili, ibandikwe kwenye mlango wa friji, na mtu mzima mwingine aisome kabla mashine haijapewa kazi.

Betri iliyotolewa

Fundi akishabadilisha betri ya saa, ile ya zamani huachwa juu ya meza pamoja na misumari. Vipimajoto vingi visivyotumia waya navyo hutumia betri za umbo hilo, kwa hiyo nyumba itakuwa nazo zaidi ya moja. Hapa ndipo mradi wa kumlinda mtoto mmoja unapoweza kumuumiza mdogo wake.

Betri iliyoshindwa kuendesha saa bado huweza kuwa na umeme wa kutosha kuunguza koo. Ikimezwa na kukwama kwenye umio, mate hukamilisha njia ya umeme na kemikali kali hutengenezwa pale inapogusa nyama. Majeraha mabaya yanaweza kutokea ndani ya saa 2. CR2032 ina upana wa milimita 20, na kwa mtoto mdogo huo ndio upana wa kukwama.

Mtoto anaweza kutokwa mate mengi, kukataa kula, kutapika, kukohoa au kushika kifua. Anaweza pia asionyeshe chochote. Mzazi anayeshuku tu asisubiri dalili: mtoto apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye eksirei. Asitapishwe wala asipewe chakula. Kwa mtoto aliyezidi mwaka 1 na anayeweza kumeza, ikiwa hazijapita saa 12 tangu ameze betri, wataalamu wa sumu wa Marekani hushauri apewe vijiko 2 vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6, akiwa njiani kwenda hospitali. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka 1, na kuitafuta kusiwe sababu ya kuchelewa.

Hospitalini neno la kwanza kutamkwa liwe “betri”. Kwenye picha ya eksirei betri na sarafu hufanana, na sarafu mara nyingine huweza kusubiriwa itoke yenyewe. Betri iliyokwama kooni haisubiriwi. Mzazi wa Kigombe au Moa aulize mapema kituo gani cha karibu kina eksirei, kabla hajalazimika kuuliza akiwa amembeba mtoto.

Betri iliyokwisha ifungwe kwa gundi ya karatasi au selotepu pande zote mbili na iwekwe mbali na mikono midogo. Kipimajoto kitakachonunuliwa kiwe na kifuniko cha betri kinachofungwa kwa skrubu. Kile kinachofunguka kwa ukucha wa mtu mzima kitafunguka pia kwa meno ya mtoto.

Mafunzo ya zamani

Tatizo linalofuata ni kijana kufuata video ya miaka iliyopita. Video hizo zinafundisha kuingiza Home Assistant kwa amri ya `pip`. Kwenye Linux mpya, mfano Debian 12 ya mwaka 2023, amri hiyo hukataliwa kwa ujumbe wa “externally-managed-environment”, kwa sababu mfumo hautaki programu za kando ziguse Python inayoutegemeza. Kisha mtu mwingine humshauri aongeze maneno `--break-system-packages` ili alazimishe. Jina lenyewe limeshasema.

Kwa sasa njia zinazohudumiwa rasmi zimebaki 2. Moja ni kuifanya kompyuta nzima kuwa ya Home Assistant pekee, kwa mfumo wake uitwao Home Assistant OS. Nyingine ni kuiingiza ndani ya kontena la Docker, Linux ikiendelea na kazi nyingine. Kwa familia isiyo na fundi wa kumwita kila wiki, ya kwanza ina usumbufu mdogo zaidi. Inafuta kila kitu kilichokuwemo kwenye diski, kwa hiyo picha za harusi zihamishwe kwanza.

Anayetumia Docker atakutana na “permission denied”. Akaunti yake haimo kwenye kundi linaloruhusiwa kuigusa Docker. Anaongezwa kwa `sudo usermod -aG docker` ikifuatiwa na jina lake la akaunti, kisha anatoka na kuingia upya. Hatua hiyo ya kutoka na kuingia ndiyo inayosahaulika, na wengi hurudia amri mara kumi wakidhani imekataa.

Halafu programu ikishaingia, ukurasa wake haufunguki kwenye simu. Anwani ya `homeassistant.local:8123` si kila simu wala ruta inaielewa. Itumike namba ya kompyuta inayotolewa na amri `hostname -I`, ikifuatiwa na `:8123`. Na simu iwe kwenye Wi-Fi ileile ya nyumbani. Simu iliyo kwenye bando haitaiona kompyuta ya sebuleni, hata ikiwa imewekwa juu yake.

Kifaa kinachotoweka

Vipimajoto vingi vya bei nafuu huzungumza kwa njia iitwayo Zigbee, na kompyuta huhitaji kifaa kidogo cha USB cha kuwasikiliza. Kwenye Ubuntu 22.04 kuna kisa ambacho kimewatoa jasho watu wengi duniani: kifaa kinachomekwa, kinaonekana sekunde moja, kisha kinatoweka. Kijana anadhani ameuziwa kibovu na anakirudisha dukani.

Kifaa ni kizima. Ubuntu huja na programu iitwayo brltty, inayowasaidia wasioona kusoma skrini kwa kifaa cha maandishi ya nukta nundu. Baadhi ya vifaa vya nukta nundu vina chipu ya CH340, ileile iliyomo kwenye vifaa vingi vya USB vya bei nafuu. Brltty inakiona cha Zigbee, inadhani ni chake, inakinyakua. Amri ya `sudo apt remove brltty` humaliza ugomvi, mradi nyumbani hakuna mtu anayeitegemea programu hiyo kusoma. Kama yupo, kitafutwe kifaa cha Zigbee chenye chipu nyingine, naye aachiwe macho yake.

Kifaa kikishatambulika, kisichomekwe moja kwa moja ubavuni mwa kompyuta. Matundu ya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa yaleyale yanayotumiwa na Zigbee, na friji yenyewe ni sanduku la bati. Waya wa kuongezea wa USB wa mita 1, unaokisogeza kifaa mbali na kompyuta na karibu na jiko, umemaliza malalamiko mengi kuliko programu yoyote.

Kimya kinachodanganya

Mpaka hapa kosa limekuwa la wazi: kitu kimekataa na skrini imesema. Hatari kubwa huja baada ya kila kitu kukubali. Bibi mwenye nyumba akiuliza, “Mjukuu wangu, hiki kidude kikifa nitajuaje?”, ameuliza swali ambalo mafunzo mengi hayalijibu.

Kipimajoto cha Zigbee kikiishiwa betri au kikipoteza mawasiliano, namba ya mwisho hubaki kwenye skrini. Njia ya ndani ya Home Assistant ya kuhudumia Zigbee, iitwayo ZHA, kwa mpangilio wake wa kawaida husubiri saa 6 kabla ya kukitangaza kifaa cha betri kuwa hakipatikani. Kwa saa 6 ukurasa unaweza kuonyesha nyuzi 5, na friji ikawa imeshafika 20. Saa 6 zikipita, neno “unavailable” linatokea, lakini kengele iliyoambiwa ilie joto likizidi 8 haitalia, kwa kuwa “unavailable” si namba inayozidi 8. Mashine inafanya kile ilichoambiwa.

Kwa hiyo kengele ziwe zaidi ya moja. Ya joto kuzidi nyuzi 8 kwa dakika 30 mfululizo, ili mlango ukifunguliwa kidogo isipige kelele za bure mpaka watu wakaizoea. Ya joto kushuka chini ya nyuzi 2, ambayo wengi huisahau ingawa insulini iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Na ya kipimajoto chenyewe kunyamaza: kisipotuma namba mpya kwa muda uliopangwa, mtu ajulishwe.

Hizo zote bado zinategemea kompyuta iwe hai na ruta iwe na umeme. Umeme wa nyumba nzima ukikatika, laptopu itaendelea kwa betri yake, lakini ruta ikizima hakuna ujumbe utakaotoka. Ruta ipewe betri yake ndogo ya akiba, au kompyuta ichomekewe modemu ya laini ya simu. Dawa rahisi kuliko zote haina gharama: kompyuta itume ujumbe kila siku asubuhi na jioni hata kama hakuna tatizo, ukiwa na joto la juu na la chini lililofikiwa. Siku ujumbe usipofika, mzazi apige simu nyumbani. Atakayeipokea aende jikoni akasome kipimajoto cha kawaida cha kuning'iniza, ambacho hakihitaji Linux wala bando na ambacho kila friji ya dawa inapaswa kuwa nacho hata mradi huu ukifaulu.

Kabla fundi hajalipwa, kuna jaribio moja. Bwana fundi aombwe azime swichi kuu ya umeme nyumba nzima, asubiri mpaka kompyuta izime, kisha awashe na akae mbali mikono ikiwa mfukoni. Kompyuta iwake yenyewe, programu ianze yenyewe, namba ya friji irudi kwenye simu ya mama, na saa iwe sahihi. Ya mezani isipowaka, kuna mpangilio kwenye BIOS wa kuiambia iwake umeme ukirudi. Laptopu nyingi hazina mpangilio huo, kwa hiyo kwao betri nzima ina maana zaidi. Kontena la Docker lisipoanza, liliachwa bila maelekezo ya `restart: unless-stopped`. Kijana atakayesema, “Shangazi, umeme ukikatika utanipigia tu nije niwashe,” hajamaliza kazi.

Kengele ikilia kweli

Mzazi anapata ujumbe kazini: friji nyuzi 14, kwa dakika 40. Wapo watakaotaka kumwaga dawa yote, na wapo watakaoruka sindano ya jioni wakisubiri kichupa kingine. Kuruka sindano ndiyo hatari zaidi. Mtoto wa kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini huanza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua haraka na kwa kina, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva sana. Hali hiyo huua.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa na kuanza kutumika, aina nyingi huruhusiwa kukaa nje ya friji mahali pa baridi kwa takriban wiki 4, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Kuna utafiti uliofanyika jirani tu. Shirika la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wagonjwa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2021 yalionyesha kuwa insulini iliyowekwa kwenye mabadiliko hayo ya joto kwa wiki 4 ilibaki na nguvu yake.

Utafiti huo haumwambii mtu aizime friji, wala haufuti maelekezo ya kliniki. Unamwambia mzazi wa Makorora kwamba mchana mmoja wa nyuzi 14 haujaigeuza dawa kuwa maji. Sindano ya jioni ichomwe kwa wakati wake, sukari ipimwe mara nyingi zaidi ya kawaida siku hizo, na kliniki ipigiwe simu na kuelezwa namba na muda. Hapo ndipo kumbukumbu za kompyuta zinapofaa kuliko kengele yenyewe: badala ya “umeme ulikatika sana”, mzazi anasema “ilifika 14, ikakaa juu ya 8 kwa saa 2”, na muuguzi ana kitu cha kuamulia. Sukari ikipanda bila sababu, insulini ikiwa na mabonge au rangi isiyo yake, au ikiwa imeganda, kichupa hicho kisitumike tena.

Mtungi wa udongo wenye maji, ambao wazee wamekuwa wakiutumia siku zote, husaidia kushusha joto kwa kuwa maji yanayokauka juu ya udongo huondoka na joto. Tanga si Dodoma, lakini. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, maji hukauka polepole, na mtungi haupoi kama unavyopoa bara. Ni wa dharura. Dawa iwekwe ndani ya chombo cha plastiki kilichofungwa vizuri ili isiloane, mtungi ukae kivulini penye upepo. Barafu ya kwenye kijaluba cha plastiki isiguse kichupa moja kwa moja.

Na insulini yote ya nyumba isikae friji moja. Kichupa cha akiba kikiwa kwa jirani mwenye jenereta, au kwa mama mdogo wa mtaa wa pili, mzazi anayepokea ujumbe wa nyuzi 14 akiwa Muheza anaweza kumaliza shughuli yake kabla ya kupanda basi.